Wawekezaji wakubwa mnajipangaje mpaka bodi ya kampuni iwasikilize

Tuanze na hesabu. Mfuko wa pensheni una asilimia 1 ya hisa za kampuni, umeona wakubwa wanajiongezea mishahara huku gawio linashuka mwaka wa tatu sasa, umeandika barua. Inajibiwa na ofisa wa mahusiano na wawekezaji, tunashukuru kwa maoni yenu yatafanyiwa kazi, na habari imeishia hapo. Sasa chukua taasisi nane za namna hiyo, huyu ana 1, yule 2, kampuni ya bima ina 3, ukijumlisha mnafika 14 hivi, barua ni moja na saini ziko nane. Safari hii anayepiga simu ni mwenyekiti wa bodi mwenyewe. Ndo maana ya kujipanga, hakuna siri nyingine, ila kufika kwenye hizo saini nane na kujua nini kifuate baada ya simu ndo kwenye kazi, na wengi wanaishia njiani.

Haya maelezo ni ya wadhamini wa mifuko, maofisa uwekezaji, watu wa bima, mameneja wa mifuko, yaani wote wanaoshika hisa kwa niaba ya watu wengine. Mwenye hisa zake mia mbili naye asome tu, hela yake ya uzeeni iko kwa hao hao.

Anza na daftari la wanahisa

Kabla ya kumpigia mtu simu jua nani ana nini. Ukikuta hakuna mwenye zaidi ya asilimia 10 basi nyie wachache mkikaa pamoja mna nguvu kuliko mnavyodhani. Ukikuta familia au serikali imeshika 60, achana na ndoto za kuing'oa bodi, kura hamna, mchezo wenu unakuwa ni kupata angalau mtu mmoja au wawili mle ndani ambao hawakuwekwa na mwenye kampuni. Waitaliano wamelifanyia kazi hili, kwao bodi za kampuni zilizoorodheshwa zinachaguliwa kwa orodha za wagombea na sheria ya 2005 ikataka angalau kiti kimoja kiende kwa orodha ya wanahisa wachache, basi mameneja wa mifuko wanakutana kupitia chama chao cha Assogestioni, wanakubaliana orodha moja ya wagombea huru na kuipeleka kwenye mkutano. Kiti kimoja kwenye bodi ya watu 11 kinaonekana kidogo lakini huyo mtu anaona makabrasha yote, na swali ambalo wenzake wanalikwepa yeye akiliuliza linaingia kwenye kumbukumbu za kikao, likishaingia huko halifutiki kirahisi.

Angalia pia hisa zenyewe ni za aina gani. Kuna kampuni zina hisa za madaraja mawili, ya mwanzilishi ina kura kumi na yako ina moja, na Snap walipoingia sokoni 2017 waliwauzia watu hisa zisizo na kura kabisa. Kwenye kampuni ya hivyo kikundi chenu hakina kura za kutishia nazo, mmebaki na maneno, kwa hiyo pigania hilo kabla hujanunua maana ukishanunua umechelewa.

Alafu viwango vya sheria, hivi vinatofautiana nchi na nchi na vinabadilika, msome vya kwenu. Uingereza wanahisa wenye asilimia 5 ya kura wanaweza kuilazimisha bodi iitishe mkutano, na wenye hiyo 5 au wanahisa 100 wenye wastani wa paundi 100 za mtaji uliolipwa kila mmoja wanaweza kuingiza azimio kwenye mkutano mkuu wa kampuni ya umma. Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida, zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa basi. Marekani ni tofauti, marekebisho ya 2020 yalisema uwe umeshika hisa za dola 2,000 kwa miaka 3, au 15,000 kwa miaka 2, au 25,000 kwa mwaka 1, hoja isizidi maneno 500, na hamruhusiwi kuunganisha hisa zenu ili mfikie kiwango. Yaani pale mmoja wenu lazima awe anakidhi peke yake, wengine mnamuunga mkono kwenye kura.

Umbo la kikundi

Kuna wanaounda chama cha kudumu, kuna wanaokutana kwa kampuni moja tu alafu wanaachana, na kuna kampeni inayoshika jambo moja kwenye kampuni nyingi. Msichanganye hivi vitu, kila kimoja kina kazi yake.

Chama cha kudumu ni kwa ajili ya kanuni na kusemezana na wadhibiti. Council of Institutional Investors ya Marekani ilianza 1985 na chanzo chake ni hasira. 1984 kampuni ya mafuta ya Texaco ilinunua hisa zake zilizokuwa kwa ndugu wa Bass, wawekezaji matajiri, kwa bei ya juu ya soko ili waondoke wasiisumbue kampuni, wanahisa wengine hawakupewa bei hiyo, na mifuko ya California ilikuwa na hisa nyingi za Texaco. Jesse Unruh, mweka hazina wa jimbo hilo, akawaza kwa nini sisi wenye hisa nyingi namna hii tunasoma habari hizi kwenye magazeti kama wapita njia, akawaita wenzake. Moja ya misimamo yao ya mwanzo kabisa ilikuwa hisa moja kura moja. Baadaye zikaja ICGN mwaka 1995 inayounganisha wawekezaji wa nchi nyingi, na ACGA ya Asia 1999. Ukiwa mfuko mdogo jiunge na kimojawapo, utapata sera zilizokwisha andikwa na namba za simu za watu, ila usitegemee chama kikupiganie kwenye kampuni yako moja, hakiko kwa ajili hiyo.

Kwa kampuni moja mnahitaji kikundi kidogo cha kimyakimya. Investor Forum ya Uingereza, iliyoanza 2014, inafanya kazi hivyo, mwanachama anapeleka tatizo, wao wanauliza wengine kwa siri kama nao wanaliona, wakipatikana wa kutosha wanapeleka ujumbe kwa bodi bila kila mmoja kujua mwenzake atapiga kura gani. Mimi naona hii ndo njia bora ya kuanzia kwa sababu bodi ikitukanwa hadharani siku ya kwanza inajifungia.

Nani analipa

Hapa ndo vikundi vingi vinakufa. Mfuko mmoja unalipa wakili, unalipa mchambuzi, unatumia miezi, kampuni ikirekebishika hisa zinapanda kwa wote, hata kwa yule aliyekuwa anakwepa simu zenu. Kila mtu akiwaza kudandia hakuna anayeanza. Dawa ni kukubaliana mapema na kwa maandishi: mchango kulingana na ukubwa wa mali unayosimamia, au zamu, wewe unaongoza kwenye kampuni hii mimi naongoza kwenye ile. Climate Action 100+, kampeni ya tabianchi iliyoanza Desemba 2017, walifanya hivi, kila kampuni ina mwekezaji kiongozi na wengine wanamsaidia. Bila kiongozi mwenye jina na simu, barua ya watu arobaini inakuwa ya hakuna mtu.

Na kwa wadhamini wanaosema sisi tuko kwenye kila kampuni ya soko hatuwezi kuhangaika na moja moja, hiyo hoja naielewa ila ina upande wa pili, ukiwa na fahirisi nzima huwezi kuuza ukaondoka, umebaki na njia moja tu nayo ni kusema. Hata miongozo ya wawekezaji inakuruhusu, Uingereza ilitoa wa kwake 2010 wenye kanuni saba na ya tano ilikuwa ni kuwa tayari kushirikiana na wawekezaji wengine inapofaa, Afrika Kusini walitoa wa kwao 2011, Japani 2014, Kenya 2017.

Wakili aje kabla ya kikao cha kwanza

Aje kabla kabisa, sio mkishakutana mara tatu. Hatari ya kwanza ni kuonekana mnatenda kama mtu mmoja. Uingereza kikundi kinachohesabika hivyo kikifika asilimia 30 ya kura kinaweza kulazimika kutoa ofa ya kununua kampuni nzima, hebu fikiria mfuko wa walimu umejikuta hapo. Marekani mkihesabika kundi na mkavuka asilimia 5 kuna taarifa ndefu ya kujaza, 13D, wakati mwekezaji wa kawaida asiyetafuta udhibiti anajaza ile fupi ya 13G. Februari 2025 wafanyakazi wa mdhibiti wa huko walitoa ufafanuzi kwamba ukiibana menejimenti, mfano kuwaambia msipofanya hivi tutawanyima kura wakurugenzi wenu, unaweza kukosa haki ya kujaza ile fupi, na mameneja wakubwa wa mifuko BlackRock na Vanguard wakasimamisha kwa muda mikutano yao na kampuni mpaka wajipange upya.

Ulaya wametoa orodha inayosaidia. 2013 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilitaja vitu ambavyo wanahisa wakifanya pamoja havitachukuliwa peke yake kama ni njama ya kushika kampuni, kama kujadiliana mambo ya kuipelekea bodi, kuipelekea bodi maoni, kukubaliana kupiga kura namna moja kwenye azimio fulani. Kuteua wakurugenzi hakumo kwenye orodha, hilo linaangaliwa kesi kwa kesi. Kwa hiyo mkianza kutaja majina ya wagombea kwenye kikao chenu simameni kwanza, muulizeni wakili.

Hatari ya pili ni habari za ndani. Mwenyekiti akiwapenda sana anaweza kuwaambia kitu ambacho soko halijui, kuanzia dakika hiyo hamuwezi kuuza wala kununua. Mwambieni mwanzo wa mazungumzo kwamba hamtaki. Ya tatu ni ya ushindani na siasa, wenzetu wa Climate Action 100+ walishambuliwa na wanasiasa wa Marekani kwamba wanaunda genge, na Februari 2024 JPMorgan Asset Management na State Street wakajitoa. Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja isemayo kila mwanachama anaamua kura yake mwenyewe, hakuna kupeana bei wala mipango ya kununua na kuuza, na kila kikao kina kumbukumbu. Saini wote.

Ombi liwe dogo na lipimike

"Tunaomba utawala bora uimarishwe" sio ombi. Bodi itajibu ndiyo tunauimarisha, mtabishana nini?

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa mabwawa ya tope la migodi. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la kampuni ya Vale lilipasuka Brumadinho, Brazil, wakafa watu 270. Bodi ya pensheni ya Kanisa la Uingereza na baraza la maadili la mifuko ya pensheni ya AP ya Sweden wakawakusanya wawekezaji wengine, na wakagundua jambo la kushangaza, wamiliki wa migodi yaani wao hawajui mabwawa yako mangapi wala yako wapi. Hawakuandika waraka kuhusu usalama. Kuanzia Aprili waliandikia kampuni zaidi ya 700 maswali kuhusu kila bwawa, liko wapi, lilijengwa kwa njia gani, lina urefu gani, lilikaguliwa lini na nani, wakataka majibu yawekwe kwenye tovuti ya kampuni na yathibitishwe na mkurugenzi mtendaji au mwenyekiti wa bodi. Hapo kwenye saini ndo kwenye akili yote. Mhandisi wa chini akijibu, bodi inaweza kusema haikujua, mwenyekiti akisaini lazima kwanza aulize. Januari 2020 taarifa zikawekwa kwenye hifadhidata ya wazi na Agosti mwaka huohuo kikatoka kiwango cha kimataifa cha kusimamia mabwawa hayo.

Andikeni hivyo. Nani afanye, nini, lini, na sisi tutajuaje kama kimefanyika. Mkishindwa kukubaliana mambo matano chagueni moja mnalokubaliana wote, kikundi chenye ombi moja kinaishi kuliko chenye matano.

Kupanda ngazi

Barua ya siri kwa mwenyekiti, sio kwa mkurugenzi mtendaji, maana mara nyingi yeye ndo ishu yenyewe. Kikao. Barua ya pili yenye tarehe ya mwisho. Swali kwenye mkutano mkuu. Tamko la hadharani. Kura ya hapana. Azimio lenu wenyewe. Kumwondoa mtu. Msiruke ngazi bila sababu na msitishie ngazi ambayo hamna kura za kuipanda.

Kwenye kura ya hapana lengeni mhusika. Mishahara imewakera, mkataeni mwenyekiti wa kamati ya malipo. Hesabu zina mashimo, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Kukataa bodi nzima kwa mkupuo ni kelele, kumkataa mtu mmoja kwa sababu iliyoandikwa kunamuuma na wenzake wanaona. Semeni mapema pia, mfuko wa mafuta wa Norway tangu 2021 unatangaza kura zake siku tano kabla ya mkutano na wadogo wengi wanaangalia hapo. Washauri wa kura kama ISS na Glass Lewis, yaani kampuni zinazowashauri wanahisa wapigeje kura, nao waonwe mapema kwa hoja zilizonyooka, ripoti zao zikishatoka mmechelewa.

Na kama sheria imewaangusha haina maana mmekwisha. Mdhibiti wa Marekani aliwahi kuweka kanuni ya kuwaruhusu wanahisa kuingiza wagombea wao kwenye karatasi ya kura ya kampuni, mahakama ikaifuta 2011. Novemba 2014 Scott Stringer, mkaguzi mkuu wa jiji la New York, pamoja na mifuko ya pensheni ya jiji wakapeleka azimio lilelile kwa kampuni 75 kwa mpigo, mwenye asilimia 3 kwa miaka 3 aweze kupendekeza hadi robo ya bodi. Mwaka kwa mwaka kampuni kubwa zikawa zinakubali, moja moja, mpaka ikawa kitu cha kawaida.

Kura zinapotelea wapi

Hii sehemu inachosha na ndo inayoamua. Hisa zenu haziko kwenye jina lenu, ziko kwa kastodiani, yaani benki inayowatunzia hisa, yeye ana wakala wake kwenye nchi ya kampuni, wakala ana hisa kwenye hifadhi kuu, na maagizo ya kura yanapita huko kote. Kila mmoja ana saa yake ya mwisho kupokea. Mkutano ni tarehe 20, kampuni inapokea kura mpaka tarehe 18, kastodiani anaweza kutaka maagizo tarehe 12. Watu wanapiga kura tarehe 15 wakijiona wamewahi, haijahesabiwa.

Kuna tarehe ya kumbukumbu, anayeonekana kwenye daftari siku hiyo ndo mwenye kura. Kama mmekopesha hisa ili mpate ada kidogo, siku hiyo kura ni ya aliyezikopa, kwa hiyo ziitwe zirudi kabla, na zinachukua siku kadhaa kurudi. Baadhi ya nchi zinataka hati ya uwakilishi yenye muhuri wa mthibitishaji kwa kila mfuko, hiyo iandaliwe mwezi mzima kabla. Meneja wa nje mliyempa mkataba muulizeni kwa maandishi, kura ni yake au yenu? Nimeshaona mifuko inasaini barua kali alafu meneja wao anapiga kura na menejimenti, aibu tupu.

Anayedhani kura chache hazina maana aangalie P&G 2017. Kampuni yenye hisa zaidi ya bilioni 2, mwekezaji Nelson Peltz anagombea kiti cha bodi. Kwanza kampuni ikasema imeshinda kwa kama milioni 6, wahesabuji huru wakaja na namba Peltz yuko mbele kwa kura 42,780, zikahesabiwa tena kampuni mbele kwa kama laki 5. Mwishowe bodi ikampa kiti. Mfuko mmoja tu wa kati uliochelewa tarehe ungeweza kugeuza zile namba za katikati. Na kampuni ya mafuta ya Exxon 2021, mfuko mdogo wa Engine No. 1 walikuwa na asilimia 0.02 tu ya hisa wakapata viti 3 kati ya 12, sio kwa hisa zao, ni kwa sababu mifuko ya pensheni ya California na New York iliwaunga mkono na mameneja wakubwa wakafuata.

Kwa hiyo mpeni mtu mmoja kazi ya kushika jedwali tu. Kila mwanachama, hisa ngapi, kastodiani nani, saa ya mwisho, zimekopeshwa au la, kura imetumwa lini, uthibitisho umerudi au haujarudi. Asitoe ushauri, asiandike barua, afuatilie uthibitisho.

Matokeo yakitoka

Kushindwa kuna viwango vyake. Kanuni za utawala za Uingereza zinasema ikifika asilimia 20 ya kura dhidi ya pendekezo la bodi, kampuni ieleze itafanya nini kuwasikiliza na itoe taarifa ndani ya miezi sita. Australia tangu 2011 ripoti ya mishahara ikikataliwa na asilimia 25 miaka miwili mfululizo, wanahisa wanapiga kura kama bodi ikagombee upya, yaani robo tu inatosha kuwanyima watu usingizi mwaka mzima.

Alafu hesabu vizuri. Mmepata 30, bodi imepata 70, gazeti linaandika mmeangushwa. Lakini familia ya mwanzilishi ina 40 kati ya hizo 70, zitoeni, zinabaki 60 za wanahisa wengine na nusu yake imeikataa bodi. Hiyo namba iingie kwenye barua ya pili, iandikwe wiki hiyohiyo, iwe na maswali mawili tu, bodi imeelewa nini kwenye hiyo nusu na itabadilisha nini kufikia lini, na tarehe ya kikao chenu kijacho ipangwe kabla watu hawajafunga kompyuta zao.